Moshi wa mama karanga una nini ndani yake?

Mtu wa mjini akishuka kutoka kwenye mashua pale Mkwiro, jambo la kwanza afanyalo ni kuvuta pumzi ndefu. Ametoka Nairobi au Mombasa, amechoshwa na moshi wa matatu na malori, na sasa yuko upande wa mashariki wa kisiwa cha Wasini, ng'ambo ya Shimoni, mahali pasipo na barabara ya magari wala kiwanda. Upepo unatoka baharini. Hujiambia moyoni kwamba hapa ndipo penye hewa safi.

Akiwa nje ufuoni hajakosea sana. Hata hiyo hewa ya bahari ina chembe ndogo ndogo, lakini nyingi ni za chumvi, na chumvi ikifika mapafuni huyeyuka ikaisha. Hazina madhara ya kutajika.

Sasa na aingie jikoni. Mafiga matatu, kuni za mikoko ambazo hazijakauka sawasawa, makumbi na vifuu vya kuchochea moto, na juu yake karai la mafuta yanayochemka. Anayekaanga ni mama karanga. Kwa msomaji wa bara, jina hilo halihusiani na njugu. Pwani kukaranga ni kukaanga, na mama karanga ni yule mama anayenunua samaki kwa wavuvi, akawakaanga na kuwauza. Katika vijiji vya pwani ya kusini, toka Msambweni hadi Vanga, akina mama hawa ndio wanaofanya samaki mdogo wa asubuhi awe kitoweo cha jioni. Nao hukaa kando ya karai hilo saa nyingi, siku baada ya siku, mara nyingi na mtoto mgongoni.

Kwa macho, moshi ule ni kitu kimoja cheupe au cheusi. Kwa kweli ni mchanganyiko wa hewa zenye sumu na chembe za masizi na za mafuta, na chembe zilizo nyingi kuliko zote ni zile zisizoonekana kabisa.

Wataalamu hupima chembe hizi kwa mikroni, yaani sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara elfu. Unywele wa binadamu una upana wa mikroni kama 70. Chembe wanazozihofia zaidi zina mikroni 2.5 kushuka chini, hivi kwamba ukizipanga karibu 30 ndipo zienee upana wa unywele mmoja. Chini ya hapo kuna kundi jingine, lile la nanomita. Nanomita 1,000 ndizo zinazofanya mikroni moja, na chembe iliyo chini ya nanomita 100 huitwa chembe ya nano. Siku hizi neno nano husikika kama jambo la maabara za Ulaya na Marekani. Lakini binadamu amekuwa akitengeneza chembe za nano tangu siku ya kwanza alipowasha moto.

Kwa nini udogo uwe tatizo? Mpenzi msomaji, fikiria nazi. Nazi nzima hata ukiitumbukiza kwenye maji siku nzima haikupi tui. Ikune kwenye mbuzi, na nazi ile ile itatoa tui mara moja, kwa sababu sasa sehemu kubwa ya nyama yake imekutana na maji. Mchemraba wa kitu wenye upana wa sentimita moja una eneo la sentimita 6 za mraba kwa nje. Ukatekate uwe vijichemraba vya nanomita 10, na eneo hilo litafika mita 600 za mraba. Kitu kilichokuwa kimelala kimya sasa kina nafasi kubwa ya kugusana na mwili na kufanya kazi ndani yake, iwe kazi njema au mbaya.

Njia ya kuingia

Pua na koo si wajinga. Vumbi kubwa, kama lile la barabarani, hunaswa na makamasi likarudishwa juu na kikohozi. Chembe za mikroni 2.5 hupita ulinzi huo zikafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, pale hewa inapokutana na damu. Mwili hutuma seli zake za kumeza takataka, na pambano hilo likiendelea kila siku mapafu hubaki yamevimba na kuchokozeka. Hapo ndipo kikohozi kisichoisha na kichomi cha watoto hupata mlango. Moyo nao huumia.

Zile za nano huenda mbali zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanasayansi wa Edinburgh, Scotland, waliwapa watu wazima wenye afya njema wavute chembe za nano za dhahabu, wakichagua dhahabu kwa kuwa ni rahisi kuitambua mwilini na haina ukali. Ndani ya saa 24 dhahabu hiyo ilikuwa imeonekana katika damu ya wengi wao, na miezi mitatu baadaye ilikuwa bado inapatikana. Mwaka 2019 watafiti wa Ubelgiji walikuta chembe za masizi ndani ya kondo la nyuma la akina mama waliojifungua, tena upande unaoelekea kwa mtoto. Kwa hiyo mjamzito anayevuta moshi havuti peke yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliwaua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Malaria inasemwa kila redio. Moshi tunaambiwa ni wa kawaida, tena kuna wanaodai kuwa chakula cha kuni kina ladha! Ladha ipo, sikatai.

Hapa kwetu Kenya sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya nyumba zote hupikia kuni, kwa hiyo jambo hili si la Mkwiro pekee. Na utafiti mmoja mashuhuri duniani juu ya moshi wa jikoni ulifanyiwa papa hapa nchini. Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia watu 345 katika nyumba 55 huko Mpala, Laikipia, wakipima moshi waliouvuta na maradhi ya kifua waliyoyapata. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 2001. Kadiri mtu alivyovuta moshi zaidi ndivyo alivyougua zaidi, na hilo halikumshangaza mtu. Lililoshangaza ni umbo la uhusiano huo. Madhara hupanda kwa kasi moshi ukiwa bado mdogo, kisha kasi hiyo hupungua moshi ukishapita kiasi cha mikrogramu 1,000 hadi 2,000 katika mita moja ya hewa ya ujazo.

Maana yake kwa mama karanga ni ngumu kidogo kumeza. Ukipunguza moshi mzito sana ukawa mzito tu, hujapata nafuu kubwa. Nafuu huja moshi ukishuka hasa. Huko Malawi watafiti waligawa majiko bora ya kuni yenye feni na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000. Matokeo ya 2016 hayakuonyesha tofauti ya kichomi kati ya waliopewa na waliokosa. Majaribio ya gesi yaliyojumuisha Rwanda, na ambayo matokeo yake yalianza kutoka 2022, yalipunguza moshi sana, lakini uzito wa watoto wachanga haukuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa. Hiyo haina maana kuwa moshi hauna madhara. Ina maana kuwa mtu huvuta moshi wa jirani, wa taka zinazochomwa na wa koroboi pia. Anayekwambia jiko moja litamaliza kila kitu, huyo anauza majiko.

Mafuta ya karai yana habari yake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lililipa moshi wa kukaanga kwa moto mkali na moshi wa kuni za majumbani daraja moja: pengine vinasababisha saratani kwa binadamu. Mafuta yanapoanza kufuka moshi wa buluu, ndipo chembe za nano zinapomwagika hewani kwa wingi. Mama anayepunguza moto kabla ya hapo anajisaidia, na samaki hakosi kuiva.

Udi, dawa ya mbu na koroboi

Msomaji wa mjini aliyekaa kwenye fleti na mtungi wa gesi asijipongeze mapema. Ile dawa ya mbu ya kuzungusha, inayowashwa chini ya kitanda usiku kucha, ilipimwa na watafiti mwaka 2003. Kwa chembe zile ndogo, duara moja lilitoa sawa na sigara kati ya 75 na 137. Baba asiyevuta sigara humlaza mwanawe humo. Chandarua hakina moshi.

Koroboi ni hivyo hivyo. Utafiti wa 2012 ulionyesha kuwa asilimia 7 hadi 9 ya mafuta ya taa yanayoungua katika taa ya utambi hugeuka kuwa masizi, na mwanafunzi anayesomea kando yake huvuta sehemu yake. Angalia dari.

Udi na ubani ni suala nyeti, nami sitaki kumkasirisha shangazi yeyote wa pwani. Huko Oman, ambako ndugu zetu wengi wanaishi na chetezo hakizimiki, watafiti waliwachunguza watoto wa shule, na matokeo yakatolewa mwaka 2009. Hawakuona kuwa ubani unaleta pumu kwa mtoto asiyekuwa nayo. Lakini kwa mtoto aliye nayo tayari, ubani ulikuwa ukimuamsha kikohozi na kubanwa kifua. Basi nyumba yenye mtoto wa pumu ifukizwe akiwa nje, madirisha yakiwa wazi.

Mchanga wa Kwale

Kuna nano nyingine inayotuhusu watu wa Kwale, na hii ni ya viwandani. Toka mwishoni mwa 2013 hadi Desemba 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mzito wa wilaya yetu ya zamani, ikatenga ilmenaiti, rutaili na zirkoni, na kuzisafirisha nje kupitia Likoni. Madini hayo yanapoondoka hapa ni chembe za mchanga za kawaida. Viwanda vya ng'ambo ndivyo hugeuza ilmenaiti na rutaili kuwa unga mweupe sana, titani dioksaidi, unaotiwa katika rangi za nyumba, karatasi, plastiki, dawa za meno na mafuta ya kujikinga na jua. Mtalii anayejipaka ufukweni Diani huenda anajirudishia mchanga wa Kwale mgongoni.

Je, unga huo ni sumu? Jibu hutegemea unaingilia wapi. Kwenye ngozi isiyo na kidonda, utafiti mwingi umeonyesha kuwa haupenyi. Ukivutwa kama vumbi ni jambo jingine: panya waliovutishwa kwa wingi walipata uvimbe wa mapafu, ndiyo maana mwaka 2006 lile shirika la saratani likauweka katika kundi la vitu vinavyoweza kuleta saratani, ingawa kwa wafanyakazi wa viwandani ushahidi haukuwa wazi. Mafuta ya jua ya kupulizia kwa hiyo hayafai kupulizwa usoni mwa mtoto. Kuhusu kula, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2021 kwamba haiwezi tena kuuhesabu kuwa salama, kwa kuwa haikuweza kuondoa shaka ya kuharibu vinasaba. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaupiga marufuku katika vyakula. Kwenye pakiti za peremende na chingamu huandikwa E171. Mwanafunzi anayesoma haya anaweza kwenda dukani leo akasoma pakiti mwenyewe.

Si kila kitu cha nano kinafanana. Mirija ya kaboni, inayosifiwa kwa nguvu zake, ilijaribiwa kwa panya mwaka 2008, na ile mirefu ikafanya mwilini kama asbesto inavyofanya. Mifupi haikufanya hivyo. Umbo lilikuwa na uzito sawa na kile kilichomo.

Na pwani yetu haihitaji kwenda maabara kujua vumbi linaweza kufanya nini. Owino Uhuru, Mombasa, watu waliishi kando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na moshi wake ukawapelekea risasi ndani ya damu. Mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaivuruga, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kiwanda kinaweza kushtakiwa. Jiko la mafiga halina wa kumshtaki, kwa hiyo turudi kwenye yale yanayowezekana Mkwiro kwa gharama ndogo. Kuni za mikoko zikianikwa hadi zikauke hutoa moshi mchache sana kuliko mbichi. Leso kuizungusha puani haizuii chembe za nano, inazuia vumbi tu. Mtoto wa mgongoni apewe nyanya yake au dada yake wakati karai liko motoni, kwa maana dakika za kuchochea na za kukaanga ndizo zenye moshi mwingi, na pale Laikipia ilionekana wazi kuwa anayekaa karibu na moto dakika hizo ndiye anayeumia.

Jiko la biashara likiwezekana lihamie nje, chini ya banda la makuti lisilo na kuta. Hapo ni kufuata upepo tu. Kusi ikivuma moshi hukimbilia kaskazini, basi mama na watoto wakae upande wa kusini wa moto. Ikiingia kaskazi mnamo Novemba au Desemba, mafiga yahamishwe.