Breki Iliyolia Njiani Kwenda Soni

Hadithi njoo, utamu kolea! Ya leo haina sungura wala fisi. Ina binti wa Lushoto, baiskeli ya milimani, na breki iliyolia kwa ukali hata mbuzi waliokuwa wakila majani kando ya njia wakatimua mbio.

Barabara itokayo Lushoto kwenda Soni huteremka ikijipinda ubavuni mwa mlima, na anayeishuka kwa baiskeli hana budi kuziamini breki zake. Binti yetu alizifinya kwenye kona. Piiiii! Akaachia, kimya. Akafinya tena, piiiii! Kibaya zaidi, baiskeli ilichelewa kusimama. Akashuka, akaikokota hadi kwa fundi.

"Shikamoo, babu. Breki ya mbele inalia."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umejuaje kama ni ya mbele?"

"Nimeisikia mwenyewe."

Fundi hakushika spana. Hapa nisikilizeni vizuri, watoto, maana fundi mwenye haraka hukimbilia kubadilisha vipuri, na mwenye baiskeli akalipia kifaa kisichokuwa na kosa lolote. Mzee huyu alimwambia binti azunguke uani polepole, afinye breki ya mbele peke yake. Kimya. Kisha ya nyuma peke yake. Piiiii! Kumbe sauti ilizaliwa nyuma, ikapita kwenye mabomba ya fremu hadi kwenye usukani, na masikio yakadanganyika.

Tuitazame breki yenyewe. Katikati ya gurudumu pamefungwa diski, sahani nyembamba ya chuma yenye matundu. Ikiwa mpya, unene wake ni kama milimita 1.8. Diski hupita ndani ya kifaa kiitwacho kalipa, na humo kuna pedi mbili, moja kila upande. Ukifinya mkono wa breki, mafuta yaliyo ndani ya mpira husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi huibana diski. Msuguano huugeuza mwendo kuwa joto. Kwa hiyo ukimaliza mteremko mrefu usiiguse diski, itakuunguza. Na ikiwa inazunguka usipeleke kidole karibu nayo kabisa, kwa sababu inakata.

Sasa, kelele hutoka wapi? Mtazame mpiga zeze. Upinde wake hunata kwenye uzi, ukateleza, ukanata tena, mara nyingi mno kwa sekunde moja, na uzi ukaimba. Pedi na diski huweza kufanya hivyohivyo. Pedi safi hushika diski kwa utulivu. Pedi iliyoingia mafuta, au iliyoungua uso ukabaki unang'aa, hunata na kuteleza ovyo, na mtetemo huo ndio tunaousikia.

"Usipofinya, inalia?" fundi aliuliza.

"Hailii, babu."

Jibu hilo dogo lilifuta mashaka mengi. Kama ingekuwa inanong'ona shii… shii… mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu bila kufinywa, angeshuku diski iliyopinda. Kama ingekwaruza mfululizo, huenda kalipa imekaa upande: unalegeza bolti zake mbili, unafinya breki ili kalipa ijiweke katikati, kisha unazikaza ukiwa bado umefinya. Mlio mmoja wa ko! kila unapoanza kufinya humpeleka fundi kwenye bolti za diski, au kwenye pedi zinazocheza ndani ya kalipa. Na sauti ya krrrr, chuma kwa chuma, ina maana kwamba pedi zimekwisha na bamba la nyuma yake linaila diski. Ukiisikia hiyo, shuka, ukokote.

"Baiskeli ililowa?"

Breki iliyolowa huweza kupiga mayowe, kisha ikanyamaza baada ya kufinywa mara chache. Lakini wiki nzima lilikuwa jua tupu.

Ndipo fundi akalitoa gurudumu la nyuma. "Sasa usifinye breki," alionya, "pistoni zitasogea ndani na diski itakosa pa kuingilia." Akachomoa pedi. Kampuni ya Shimano, inayotengeneza breki, inashauri pedi zibadilishwe tabaka lake la kushikia likibaki nusu milimita. Hizi zilikuwa nene bado. Akaziinua kwenye mwanga. Moja ilikuwa na doa jeusi linalong'aa.

"Nani ameshika mnyororo wiki hii?"

Binti alifikiri. Mdogo wake alikuwa ameupulizia mnyororo oili ya kopo ili uache kulia. Mnyororo uko kulia na diski iko kushoto, lakini oili ya kupuliza hupenya katikati ya spoku, na matone machache yanatosha kuiharibu breki.

Binti aliomba pedi zilezile zirudishwe, kwa kuwa mpya zina gharama. Fundi akakubali kujaribu. Alizisugua kwa msasa, akaisafisha diski kwa spiriti na kitambaa kipya, akafunga. Mizunguko michache uani, kimya kabisa! Binti alianza kucheka. Breki ilipopata joto, piiiii!

Napenda sana sehemu hii ya hadithi, maana kushindwa kule kulimwambia fundi kitu ambacho macho hayakumwonyesha. Pedi zina vitundu vidogo sana. Oili ilikuwa imezama humo, na joto liliirudisha juu. Diski iliyokuwa safi ilipakwa tena na pedi zilezile. Basi ilibidi aweke pedi mpya, lakini kwanza aisafishe diski upya, la sivyo diski ingezichafua nazo.

Kazi haikuishia hapo. Pedi mpya bado hazijazoeana na diski. Binti alitumwa mahali tambarare: akimbize baiskeli, afinye breki kwa nguvu bila kulifunga gurudumu, hadi mwendo uwe wa kutembea, aachie, arudie kama mara ishirini. Kila mara pedi huacha utando mwembamba juu ya diski, na utando huo ndio unaoipa breki nguvu yake.

Wakati akisubiri, fundi alimsimulia mdogo mtu, aliyekuwa ameitwa aje, habari za California mwaka 1976, ambako vijana kama Gary Fisher na Joe Breeze walishindana kuteremka mlima wa vumbi. Breki yao ilikuwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya kurudisha pedeli nyuma. Ilipata moto hadi grisi ikageuka moshi, na baada ya mbio iliwabidi wafungue habu na kujaza grisi nyingine.

"Wewe oili yako idondoshe tone kwa tone juu ya mnyororo," akamwambia, "kisha ufute iliyozidi. Na diski uifunike kwa mfuko."

Juma lililofuata mvua ilinyesha. Mdogo mtu alikuja mbio: "Dada, inalia tena!"

"Usipofinya je?"

"Kimya."

"Ilianza lini?"

"Sasa hivi, nilipovuka dimbwi."

"Finya mara chache, kisha uniambie."

Akafinya, akasikiliza, akapanda tena.