Vitamini K: Maabara Hupima Nini?

Mzazi wa Kipalapala aonapo damu ikichuruzika kitovuni mwa mwanawe mchanga, huomba apimwe vitamini K. Hata hivyo, kiwango cha vitamini hiyo katika damu hufuata mlo wa karibuni. Sahani moja ya kisamvu hukipandisha. Kwa hiyo maabara hupima kazi yake, yaani muda ambao damu huchukua kuganda.

Damu hutiwa katika chupa ya kifuniko cha buluu, sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitreti. Chupa isipojaa hadi alama, majibu hupotoka. Muda ukiwa mrefu, kisha ukafupika saa chache baada ya kupewa vitamini K, upungufu umethibitika. Usipofupika, ini lichunguzwe.

Mtoto anayetoka damu asisubiri majibu: apewe vitamini K, kisha apelekwe Hospitali ya Kitete, Tabora mjini. Maziwa ya mama yana vitamini K kidogo mno, hivyo kinga ni sindano ya miligramu 1 mara baada ya kuzaliwa. Mhudumu, iandike kwenye kadi. Mzazi, iulizie kabla ya kutoka wodini.