Kukuza au Kuzalisha? Istilahi za Tiba kwa Seli za Kinga

Mwezi Agosti 2017 Marekani iliidhinisha tiba ya kwanza ya saratani ya damu inayotumia seli za mgonjwa mwenyewe zilizobadilishwa jeni. Tangu hapo habari za tiba hiyo zimeenea, lakini maneno yanayotumika kuieleza yanagongana. Makala haya yanakusudia kuyapambanua.

Kwanza tueleze kazi yenyewe. Damu ya mgonjwa hupitishwa katika mashine inayotenga chembechembe nyeupe. Miongoni mwake zimo seli T, zilizopewa herufi hiyo kutokana na tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, ambamo hukomaa. Maabarani seli hizo huamshwa, kisha kirusi kilichoondolewa uwezo wa kuzaana huziingizia jeni mpya. Kwa jeni hiyo seli hujitengenezea kipokezi kinachoitambua seli ya saratani. Zikisha kuongezeka hadi mamilioni mengi, hurudishwa mwilini kwa njia ya mshipa.

(a) Kukuza. Kilichokuzwa kimefanywa kikubwa, kama picha. Seli hizi hazizidi ukubwa bali idadi, kwa kugawanyika. Tunapendekeza kuzalisha seli.

(b) Tibakinga. Neno hili limekwisha kushika kazi nyingine: ni dawa apewayo mtu ili asiugue, kama ile ya kuzuia kifua kikuu. Hapa mtu amekwisha kuugua. Tunapendekeza tiba kwa seli za kinga. Wala seli T zisiitwe kingamwili, kwani hilo ni jina la protini zinazotengenezwa na seli nyingine, yaani seli B.

(c) Vinasaba. Neno hili limetokana na nasaba, yaani ukoo. Mgonjwa anayetakiwa kutia saini fomu ya ridhaa, akisoma kwamba "vinasaba vyake vitabadilishwa", aweza kudhani kuwa wanawe watarithi badiliko hilo, akaikataa tiba kwa hofu isiyo na msingi. Mtoto hupokea jeni za yai na za mbegu ya kiume, si za seli T. Tunapendekeza kubadili jeni za seli T, na mfasiri asiache kuzitaja seli zenyewe.

Ridhaa ya mgonjwa hutegemea maneno aliyosomewa. Kwa hiyo tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuletee maoni kabla hayajasanifishwa.