Nyumba ya Chatu

Wanangu wa Bariadi, Maswa, Itilima, Meatu na Busega, kaeni vizuri niwaeleze jambo ambalo wengi wenu mmeliona nusu. Mmeiona ngoma ya nyoka. Mmemwona mchezaji akimwinua chatu, akimzungusha shingoni, watu wakipiga kelele na kurudi nyuma huku shingo zikiwatoka kwa kutaka kuona. Ngoma ikiisha, kila mtu anakwenda zake. Na chatu je, analala wapi?

Kabla hatujaingia nyumbani kwake, tumjue mwenye nyumba. Chatu wa Afrika ndiye nyoka mkubwa kuliko wote katika bara letu. Wapo wanaozidi mita 5. Hana sumu. Humzunguka mnyama aliyemkamata na kumbana mpaka damu ikome kutembea. Kwa Wasukuma, kumshika nyoka wa namna hii halikuwa jambo la kila mpita njia. Bagoyangi na Bayeye ni vyama vyenye mafunzo na miiko yake, na hao hao ndio waliokimbiliwa mtu akiumwa na nyoka, kwa sababu walijua dawa. Kila Juni, kwenye sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, pale kwenye makumbusho yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Kanada, makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, hushindana kuvuta watazamaji, na chatu ni mmoja wa wavutaji wakubwa.

Sasa nyumba. Fundi anayejua kazi haanzi na mapambo, anaanza na mlango. Chatu hana mikono, lakini ana nguvu na ana subira. Usiku hupita akisukuma kwa pua kona hii, kona ile, mpaka apate panapolegea. Kichwa kikishapenya, mwili hufuata. Ndiyo maana mlango wake hufungwa kwa komeo na kufuli. Kuweka tofali juu ya kifuniko ni kujidanganya. Matundu ya hewa yawepo, lakini yawe madogo kuliko kichwa chake, na yazibwe kwa wavu wa chuma uliopigiliwa imara.

Nitawaambia habari moja nzito, kwa kuwa ni ya kweli na inafaa mwijue. Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Kanada, chatu wa Afrika, wa jamii ya hawa wetu, alitoroka chumba alimofugwa kwa kupitia bomba la hewa. Alitambaa darini, akaangukia sebuleni walikolala watoto wawili ndugu, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6. Wote wawili walikufa. Tundu moja tu ambalo halikuzibwa sawasawa.

Mlango ukishakaa vizuri, tunakuja kwenye joto. Chatu halitengenezi joto lake kama sisi, hulichukua kutoka nje. Kwa hiyo nyumba yake huwa na pande mbili: upande wa moto, kama nyuzi 32 hivi, na upande wa ubaridi kidogo, nyuzi 25 au 26. Atahama mwenyewe, kama sisi tunavyolikimbia jua kwenda chini ya mwembe, kisha tukilitamani tena tunarudi. Akishashiba hutafuta upande wa moto, maana akikosa joto, chakula hakisagiki, kinaweza kumwozea tumboni. Taa ya kumpasha joto ifunikwe kwa wavu, la sivyo atajiviringisha kwenye balbu na kuungua. Na kila upande uwe na kipimajoto chake. Msipime kwa kiganja.

Haya, mapambo! Najua ndiyo mliyokuwa mkiyasubiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanapamba kwa ajili ya macho yao wenyewe: maua ya plastiki, rangi za kung'aa, vikorokoro tele. Chatu hana haja navyo. Chochote kinachoingia ndani kiwe na kazi ya kumfanyia.

Kazi ya kwanza ni kumficha. Anahitaji pango upande wa moto na jingine upande wa ubaridi, asilazimike kuchagua kati ya joto na usalama. Pango liwe la kumtosha tu, mbavu ziguse kuta. Humo ndimo anamotulia. Nyoka aliyekosa pa kujificha anaweza kukataa kula kwa wiki nyingi. Kwa chatu mdogo, mtungi uliolazwa ubavu unafaa sana, mradi kingo zake zisuguliwe zisimkate.

Tawi nalo ni zuri, kwa sababu chatu, hasa mdogo, hupenda kupanda. Liwe nene, kavu, lililosuguliwa kwa maji moto na kuanikwa juani. La mgunga litolewe miiba yote. Lakini minyaa, ile tunayozungushia maboma yetu huku Usukumani, msiiguse kabisa kwa kazi hii: utomvu wake unaunguza macho, ya nyoka na ya kwenu pia. Jiwe mnalo tele, nchi yetu ina mawe ya kutosha. Liwekwe moja kwa moja kwenye sakafu, ndipo matandiko yafuate. Likiwekwa juu ya mchanga, chatu atachimba chini yake, na litamwangukia. Matandiko yenyewe, gazeti linatosha. Pamba ya shambani ni laini, ila nyuzi zake hunasa mdomoni anapomeza, na huenda bado ina dawa ya wadudu.

Beseni la maji liwe zito asilipindue, na pana aweze kujilaza humo, hasa siku za kujivua gamba. Siku hizo macho yake huingia ukungu wa buluu, haoni vizuri, na huwa mkali. Baada ya siku kadhaa ukungu huondoka, naye huanza kusugua pua kwenye lile jiwe. Ngozi hupasuka mdomoni, hugeuka ndani nje, naye anatoka mpya. Mkilipata gamba hilo, litazameni kichwani: mtaona vipande viwili vya duara, vyembamba, vinavyopitisha mwanga. Hivyo ndivyo vilivyofunika macho yake. Vikikosekana kwenye gamba, vimebaki machoni, na hapo aitwe daktari wa mifugo.

Hayo yote ni ya vituo na watu wenye kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata mnyamapori na kumweka ndani kwa kupenda tu. Kibali huombwa serikalini. Nanyi mnaishi jirani na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa, ambako chatu wana nyumba zao tayari. Mkimkuta shambani, rudini nyuma taratibu, msimpige mawe, mwacheni aendelee kuwinda panya wanaokula nafaka zenu. Akiwa karibu na nyumba au zizi, mwiteni mtu mzima, naye apeleke taarifa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.