Kufunga na Kutia Kufuli: Desturi Kongwe katika Mifumo ya Kompyuta

Neno kufunga lina kazi nyingi katika Kiswahili. Mtu hufunga mlango kwa kuurudisha tu, tena hufunga mlango kwa kuutia kufuli. Neno ni moja, na msikilizaji hutambua tofauti kwa mazingira ya maneno. Katika habari za kompyuta wepesi huu una hatari. Kufunga faili, yaani kumaliza kuitumia, na kuitia kufuli, yaani kuwazuia wengine wasiibadilishe, ni vitendo viwili mbalimbali. Na katika mifumo mingi kitendo cha kwanza hukivunja cha pili. Makala haya yaeleza jinsi ilivyokuwa hivyo, na kwa nini sheria hiyo haijaondolewa.

Haja ya kufuli yaonekana katika mfano mdogo. Daftari la fedha limeandikwa shilingi 500. Programu ya kwanza yasoma 500 ili iongeze 200. Kabla haijaandika, ya pili nayo yasoma 500 ili ipunguze 100. Ya kwanza yaandika 700, kisha ya pili yaandika 400 juu yake. Hesabu ya kweli ni 600. Shilingi 200 zimepotea wala hapana mwizi. Kufuli huzuia msiba huo: atanguliaye hulitia, naye ajaye nyuma hungoja.

Makufuli ni ya namna mbili. Kufuli la lazima huzuia kweli, kwa kuwa mfumo wenyewe humkatalia asiye na haki. Kufuli la hiari hufanana na hodi. Mlango u wazi. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi akangoja, na asiye na adabu huingia moja kwa moja, wala mlango haumzuii. Mifumo ya jamaa ya Unix hutegemea zaidi kufuli la hiari, na kwa hiyo programu zote zinazohusika hazina budi kuuliza kwanza.

Mwaka 1983 toleo la Unix liitwalo 4.2BSD, la Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilikuja na kufuli linaloshika faili nzima. Kufuli hilo ni mali ya ufunguzi: programu ikiifungua faili mara mbili, kila ufunguzi waweza kuwa na kufuli lake. Kanuni za POSIX za mwaka 1988 zilithibitisha namna nyingine, iwezayo kushika hata sehemu ya faili. Hili ni mali ya programu inayoendeshwa. Na programu hiyo ikifunga ufunguzi wowote wa faili, makufuli yake yote juu ya faili ile huondoka.

Msomaji na apime matokeo yake. Programu kuu imelitia daftari kufuli. Kisha yaita programu ndogo iliyoandikwa na mtu mwingine, nayo yafungua daftari lile lile, yasoma mstari mmoja, yalifunga kwa adabu na kuondoka. Papo hapo kufuli la programu kuu limekwisha, wala yenyewe haikuambiwa. Watunzi wa SQLite, programu ya kuhifadhi taarifa, walilazimika kuizunguka sheria hiyo: programu yao huahirisha kufunga ufunguzi mpaka makufuli yake yote juu ya faili ile yawe yameondolewa.

Kwa nini basi kosa hilo halikusahihishwa? Mwanafunzi wa lugha aweza kulijua jawabu kabla ya fundi. Sheria ikisha kuenea, swali si tena kama ilitungwa vyema, bali ni wangapi wanaoitegemea. Iko programu iliyofungua faili mara mbili, ikatia kufuli kwa ufunguzi wa kwanza, kisha ikaliomba tena kwa ufunguzi wa pili. Kwa sheria ya zamani yapewa, kwa kuwa mwenyewe ni mmoja. Sheria ikigeuzwa, programu hiyo itajingoja yenyewe milele. Naye mtunzi wake hakukosea. Alifuata kanuni iliyochapishwa.

Watunzi wa Linux, katika toleo la 3.15 la mwaka 2014, hawakuigusa sheria ya kale. Waliongeza kufuli jipya kando yake: hushika sehemu ya faili kama lile la POSIX, lakini ni mali ya ufunguzi kama lile la Berkeley. Tena jipya na la zamani huheshimiana, kila moja likilizuia jingine, hata programu za vizazi viwili zaweza kutumia daftari moja kwa salama. Mwaka 2024 POSIX nayo ililikubali, baada ya miaka 36.

Hata hivyo isidhaniwe ya kwamba kila cha kale hudumu. Linux ilikuwa na kufuli la lazima pia, nalo liliondolewa katika toleo la 5.15 la mwaka 2021, kwa kuwa halikuaminika na watumiaji wake walikuwa karibu kwisha. Umri wake haukulisaidia kitu.

Katika hayo mna onyo kwa watunga istilahi. Yafaa kufunga libaki kwa kumaliza kuitumia faili, na kutia kufuli kwa kuwazuia wengine, tena mapema, kabla vitabu vya mafundisho havijaenea. Mwanafunzi aambiwaye kwamba "faili ikifungwa, hufunguka" atadhani mwalimu amekosea, kumbe hiyo ndiyo sheria yenyewe, iliyofichwa na neno moja lililobebeshwa kazi mbili. Na vitabu vikisha kuenea, hapatakuwa na njia ila ile ya Linux: kuongeza neno jipya kando ya la zamani, na kuyaacha yote mawili yaishi pamoja.