Wifi Iko Sawa, Mbona Malipo Hayaonekani?

Foleni imefika mlangoni, mteja anasema ameshalipa, lakini kompyuta ya duka inazunguka tu. Ukiangalia wifi, iko sawa. Hata video zinacheza! Sasa shida iko wapi? Kabla hujamwambia mteja alipe tena, tupime njia.

Seva ya malipo ni kama jengo lenye milango mingi, kila mlango na nambari yake. Milango hiyo huitwa poti. Tovuti salama hutumia poti 443, lakini mfumo wako wa malipo unaweza kutumia nyingine. Ndiyo maana video zinacheza huku malipo yamekwama.

Skripti ndogo yenye dirisha, kwa mfano iliyoandikwa kwa Python na Tkinter, inatosha kupima. Hakuna amri za kukariri: jaza anwani ya seva na nambari ya poti ulizopewa, kisha bonyeza Pima. Majibu ni matatu:

Kijani: poti imefunguka. Njia ni safi, kwa hivyo kagua programu au akaunti yako.

Nyekundu: umekataliwa papo hapo. Huenda umekosea nambari ya poti, au huduma ya upande wa pili imezimwa.

Njano: kimya mpaka muda ukaisha. Mara nyingi kuna kizuizi cha usalama, au mtandao umekatika njiani.

Ukipata njano, unganisha kompyuta na hotspoti ya simu yako, upime tena. Ikigeuka kijani, basi mtandao wa duka ndio unaoziba; mwite fundi wako. Ikibaki njano, wasiliana nasi na ututumie picha ya skrini.

Usitegemee ping peke yake. Seva nyingi hazijibu ping ilhali poti zake ziko wazi.

La muhimu zaidi: simu ya mteja haitegemei wifi yako. Akilipa kwa menyu ya simu, pesa zinaweza kuwa zimeshaingia na kompyuta yako haina habari. Angalia SMS au taarifa ya akaunti kwanza, usije ukamlipisha mara mbili.

Na kumbuka, kupima poti hakuhitaji nambari yako ya siri. Dirisha lolote likiiomba, lifunge mara moja.