Kichoma diski cha nje: Angalia umeme kabla ya bei

WENYE studio za video za harusi, wapiga picha na ofisi zinazotunza kumbukumbu kwenye diski wanakabiliwa na tatizo moja. Kompyuta mpya nyingi haziji tena na sehemu ya kuingizia diski. Anayetaka kumkabidhi mteja kazi yake kwenye CD au DVD hana budi kununua kichoma diski cha nje, kinachounganishwa kwa waya wa USB.

Bidhaa hiyo bado ipo sokoni, lakini si kila kinachouzwa hufanya kazi kwenye kila kompyuta. Mnunuzi asiye mwangalifu hupata hasara mara mbili: fedha za mashine, na diski zinazoharibika katikati ya kuchomwa.

Umeme ndio mzizi wa tatizo

Vichoma diski vyembamba havina plagi ya ukutani. Hutegemea umeme wa tundu la USB. Kwa kanuni za USB 2.0, zilizotolewa mwaka 2000, tundu moja hutoa hadi miliampea 500. USB 3.0 ya mwaka 2008 iliongeza kiwango hicho hadi 900. Vichoma vingi huhitaji zaidi ya 500 vinapoanza kuzungusha diski au kuichoma. Ndiyo maana kifaa kilekile huweza kufanya kazi vizuri kwenye kompyuta moja, na kwenye nyingine kikazima katikati ya kazi.

Anayezunguka na laptopu atafute chenye waya wa vichwa viwili, unaochota umeme kwenye matundu mawili. Studio inayochoma diski nyingi kwa siku inafaa inunue kichoma kikubwa chenye adapta yake ya umeme. Kwa vyovyote vile, kisiunganishwe kupitia kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake.

Kitambulike bila programu

Kichoma cha kawaida hutambuliwa na Windows, macOS na matoleo mengi ya Linux bila kuwekewa programu yoyote ya kiwandani. Muuzaji akisema lazima kwanza uweke programu maalumu, uliza sababu.

Mfano wa kujihadhari nao ni SuperDrive ya Apple, iliyotoka mwaka 2008 pamoja na MacBook Air. Ilitengenezwa kwa ajili ya kompyuta za Mac, wala haikukusudiwa kutumika na Windows. Ukiikuta iliyotumika kwa bei rahisi, na ofisi yako ina kompyuta za aina zote mbili, rahisi hiyo itakuwa ghali.

Usilipie kasi usiyoihitaji

Maduka hupenda kusifia kasi. Ukweli ni kwamba kuchoma DVD kwa kasi ya mara 8 huhitaji takriban megabaiti 11 kwa sekunde, kiasi ambacho USB 2.0 inakimudu. DVD ya gigabaiti 4.7 haimaliziki chini ya dakika 7, hata waya uwe wa USB 3.0. Faida ya tundu la USB 3.0 hapa ni umeme zaidi, si kasi. Kompyuta kuukuu yenye USB 1.1 haifai, kwani DVD moja itachukua zaidi ya saa nzima.

Hakikisha pia kifaa kinapokea DVD-R na DVD+R, ili usifungwe na aina moja ya diski. Blu-ray hubeba gigabaiti 25 na zaidi, lakini haina maana kama mteja hana mashine ya kuisomea.

Wenye maduka

Mwelekeo wa bidhaa hii ni kupungua. Sony ilisimamisha utengenezaji wa diski za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Mwenye mtaji mdogo aagize kwa kadiri ya wateja anaowajua, asirundike mzigo.

Kwa mnunuzi, ushauri ni mmoja: nenda dukani na laptopu yako na diski tupu. Choma diski hiyo mpaka mwisho, kisha uisome kwenye kompyuta nyingine, kwani diski huweza kusomeka kwenye mashine iliyoichoma na kukataliwa kwingine. Muuzaji asiyekuruhusu kujaribu, mwachie bidhaa yake.